Masika ya Meli ya Pili

Jumapili, 7 Machi 1976

Mvua imeanza. Imepiga mabati baada ya adhuhuri kisha ikakatika ghafla, na sasa kumbikumbi wamejaa uani, kuku wanawakimbiza. Nimeona nianze kuandika, kwa sababu nyumba hii ina watu watatu na sina ninayeweza kuzungumza naye.

Watatu wenyewe ni baba, Miza na mimi. Mimi nimerudi hapa Bagamoyo tangu nilipopewa talaka, nashona kofia na kupika. Baba, Sadallah, ni nahodha wa boti la injini la Dadi, tajiri mwenye duka, lile linalopeleka abiria Saadani. Kiangazi watu hupita kwa gari njia ya Mkange, lakini masika ile njia ni tope tupu, basi kila mwenye safari ya kaskazini humtegemea baba. Miza ni mke wake, mwanamke wa Pangani, aliyemwoa mwaka mmoja na nusu baada ya mama kufariki. Namwita Bi Miza mbele yake. Humu namwita Miza.

Leo kaka yangu Msabaha amekuja kutoka Dar es Salaam, anakofanya kazi bandarini, na ameleta habari iliyomfanya baba apige makofi kama mtoto. Meli imerudi sinema.

Jina lake hasa ni la Kihindi, refu, na nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka vizuri. Tulisema Meli tu. Ni filamu ya meli iliyobeba harusi, watu mia nne, dhoruba ikaikuta na chumba cha injini kikashika moto. Kapteni mwenye masharubu anakataa kuacha usukani mpaka wanawake na watoto wote washushwe, na mwisho anaokotwa baharini, amelala juu ya mlango uliong'oka. Tuliiona nikiwa na miaka kumi na minne, mama akiwa hai. Tulikwenda mara nne. Kila tukirudi baba aliicheza tena hapahapa sebuleni, ungo ndio usukani, na mama ndiye bibi harusi asiyetaka kushuka. Mama alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Msabaha anasema sasa wametengeneza ya pili, kapteni ni yuleyule. Jumamosi ya tarehe ishirini wanaonyesha ya zamani, Jumapili yake mpya.

"Tutakwenda wote," baba akasema.

"Na mimi?" Miza akauliza.

"Wote maana yake nini?"

Lakini ile filamu ni ya mama yangu.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Nimemaliza kofia moja. Baba ameipapasa kwa kidole gumba mshono kwa mshono, akasema nzuri. Zamani angeipeleka dirishani.

Jumapili, 14 Machi

Jana maulidi. Ubani, ubwabwa, na mvua ikatukuta njiani tukalowa na nguo zetu mpya.

Baba na Miza hutembea wameshikana mikono kama wachumba. Wanawake wanacheka kichinichini. Kila safari ya Saadani naye yumo botini, anakaa tezi, nyuma kabisa, ubavuni kwa baba, eti anakwenda kununua kamba wakavu wa kuuza. Kamba gani hao wa kununuliwa kila safari? Leo jirani yetu Mwanamkasi ameniambia, "Mama yako mdogo ana wivu, anaogopa mzee ataonwa na wanawake wa Saadani." Nimecheka. Ningeweza kumtetea, sikumtetea.

Jumamosi, 20 Machi. Dar es Salaam, kwa Msabaha

Tumefika tumechoka, basi limekwama kwenye tope mara mbili. Tukaoga, tukala, tukaenda onyesho la saa tisa alasiri.

Sijui niandike nini kwanza. Ukumbi ni uleule, viti vya mbao ni vilevile, hata harufu ya karanga na ya nywele zenye mafuta. Meli ilipotokea na ule wimbo wa harusi nilijikuta nalia kabla hakujatokea jambo la kuliza. Baba alikuwa katikati yetu, mimi kushoto, Miza kulia. Alikuwa mfalme. Alijua kila neno. Kabla kapteni hajafungua mdomo baba ameshasema, kwa Kihindi chake cha bandarini kisha kwa Kiswahili, "Shusheni wanawake! Anayesukuma mwenzake nitamtupa mimi!" Watu wa viti vya mbele wakageuka, wakapiga makofi. Alinishika mkono kabla moto haujalipuka. Kapteni alipoonekana juu ya ule mlango, baba alifuta machozi.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Miza hakunyamaza. Muda wote amemwinamia sikioni, ananong'ona. Mara mbili nimemtazama kwa jicho kali naye hakujali. Mama hakuwa hivyo. Mama alitazama sinema mdomo wazi, huwezi kumtoa neno.

Jumapili, 21 Machi. Dar es Salaam

Lazima niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kujidanganya.

Miza leo hakukaa na baba. Tulipoingia, nilifanya kusudi: nikapita mbele, nikamweka baba kati yangu na Msabaha, Miza akabaki mwisho kabisa wa safu, karibu na ukuta. Aliniita mara moja, "Mardhiya, naomba nikae pale." Nikajifanya sisikii.

Meli ya pili si kama ya kwanza. Harusi hakuna, dhoruba hakuna. Inaanza bandarini, kapteni anapokelewa kwa maua, halafu wanakuja watu wa serikali wanamchukua. Watu sabini walikufa katika ile meli, nasi hatukuwahi kuwahesabu kwa sababu tulikuwa tukimtazama yeye. Karibu filamu yote ni mahakamani. Fundi mmoja wa injini anasema alimwonya kapteni kabla ya safari kwamba injini ni mbovu, na kapteni akasema twende, harusi haingoji.

Baba alikuwa ametulia mno. Mara akacheka, nami nikashangaa, maana aliyekuwa akipiga kelele kwenye kitambaa cha sinema ni mjane, anajigonga kifua. Baba alidhani ni mlevi. Nilidhani hajaelewa lugha.

Kisha ikaja sehemu isiyo na maneno. Mama mmoja anasimama, hasemi, anatoa kiatu cha mtoto, anakiweka mbele ya kapteni. Hakuna muziki. Kiatu tu, na uso wa kapteni. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata watafuna karanga. Na baba akasema kwa sauti, sauti yake ya botini:

"Mbona kimya? Umeme umekatika?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema mzee ana vituko. Msabaha naye akacheka. Mimi niligeuka nikamtazama baba. Mwanga wa filamu ulikuwa umemjaa usoni, mweupe kama mchana, naye macho yake ameyaelekeza pembeni, kwenye ukuta mtupu, anangoja.

Nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Polepole. Hakupepesa.

Mwisho wa safu Miza alikuwa amesimama. Alikuwa ameniona.

Jumatatu, 22 Machi

Tumerudi. Mvua njia nzima.

Alhamisi, 25 Machi

Leo baba kaenda msikitini, nikamfuata Miza jikoni. Alikuwa anachambua mchele.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru. "Jicho la kulia lilikufa kabla hajanioa. La kushoto lilikuwa zima. Mwaka jana wakati wa Ramadhani likaanza kuingia ukungu. Sasa anasema anaona kama mtu anayechungulia tundu la kitasa, na nyuma ya mlango kuna moshi."

"Na watu wanapanda boti lake."

"Mimi nakaa pale, Mardhiya. Namwambia. Kushoto kidogo, kulia, kuna mashua. Kombo anasimama mbele, omo, anapiga kelele. Maji yale baba yako anayajua kwa mwili wake. Hajawahi kugonga kitu."

Kombo ni baharia wake, wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Kumbe naye anajua. Watu wote wanaojua ni wale ambao hawakupaswa kunyamaza.

"Umempeleka hospitali?"

"Nimemlilia mpaka nikachoka. Anasema wakimwangalia wataandika, wakiandika Dadi atasikia, na Dadi akisikia yeye ni mtu wa kukaa barazani kuulizwa kila anayepita ni nani." Akaacha mchele. "Masika yaishe tu. Nimemwapisha. Abiria wakirudi njia ya Mkange, atasema amechoka, atamwachia Kombo. Hakuna atakayejua. Nipe mpaka mwisho wa masika."

Nilikuwa na maneno mengi makali niliyomwekea kwa miaka miwili, juu ya mkono wake kwenye mkono wa baba, juu ya kamba wakavu, juu ya kunong'ona sinema. Yote yalikuwa hayana pa kwenda. Alikuwa anamwambia filamu. Siku ile ya kwanza nilipokuwa namtazama kwa jicho kali, yeye alikuwa anamwambia, sasa bibi harusi anashuka, sasa kapteni amebaki peke yake.

Sikumpa ahadi. Sikukataa pia.

Jumatatu, 29 Machi

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka upande mmoja.

Ijumaa, 2 Aprili

Boti limekwenda na abiria ishirini na kitu, limerudi salama. Nilikaa ufukweni tangu asubuhi nikisema nimefuata samaki.

Jumatano, 7 Aprili

Nimekwenda mpaka dukani kwa Dadi ili nimwambie. Nimesimama mbele yake. Akasema, "Karibu binti, baba hajambo? Mtu kama yeye hapatikani tena pwani hii." Nikanunua kiberiti, nikarudi.

Jumatatu, 12 Aprili

Miza ana homa. Tangu jana anatetemeka, blanketi mbili na bado meno yanagongana. Na kesho boti linakwenda.

Alipoamka kidogo akanishika kanga. "Asiende. Mwambie asiende."

Nikamwendea baba. Alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Nikasema, "Shikamoo baba. Bi Miza mgonjwa, ahirisha safari ya kesho."

"Marahaba. Watu wameshaambiwa, mwanangu. Kuna mzazi anarudi kwao na mtoto wa siku arobaini."

"Basi nitakuja mimi."

Akageuza uso kunielekea, karibu sawasawa. "Kufanya nini?"

"Kununua kamba."

Nilitaka aseme. Alikuwa na nafasi ya kusema, tuko wawili, mlango umefungwa. Akasema, "Uvae nguo nzito, bahari ya kusi ina baridi."

Jumatano, 14 Aprili

Naandika leo ya jana na ya leo.

Tuliondoka mawingu yamekaa chini. Abiria walikuwa kumi na tisa, na yule mzazi, Ashatu, na kichanga chake ndani ya kanga na mwavuli. Kombo aliponiona nakaa mahali pa Miza aliinamisha kichwa, akaenda zake omo.

Baba akiwa kwenye usukani ni mtu mwingine, lazima niandike haki yake. Anasikiliza. Anageuza shingo kuusikia upepo, anaweka kiganja juu ya mbao za ubavuni. Tulipita mdomo wa mto Wami, maji mekundu yanatoka na magogo, naye akazunguka mbali kwa mbali bila mtu kumwambia. Nikaanza kuamini. Nikasema moyoni labda Miza ana haki, labda mimi ndiye nisiyejua kitu.

Karibu na Saadani mvua ikatushukia kama ukuta. Ilipokatika niliona kitu cheusi mbele yetu.

"Baba, ngalawa."

"Wapi?"

"Mbele."

"Si ngalawa. Ni ule uzio wa kutegea samaki. Naujua, tunaupita kushoto kwake."

"Si uzio, baba. Ni mtu."

"Mardhiya, mimi nimepita hapa kabla hujazaliwa."

Omo, Kombo alikuwa anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi, na injini na upepo vinaimeza sauti yake. Mtu aliyekuwa ngalawani alikuwa ametupa mgongo, anavuta nyavu. Nikapiga kelele. Sikusema tena ngalawa wala baba, nilipiga kelele tu. Nikaurukia usukani, mikono yangu juu ya mikono yake, na yeye akaukaza. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Aliukaza. Ana nguvu kuliko mimi.

Mwishoni aliachia, au nilimshinda, sijui. Boti likayumba. Halikuikata ngalawa katikati, lilipita ubavuni na kulivunja tengo lake, lile gogo la pembeni linaloizuia isipinduke, na mkono wa yule mtu ulikuwa juu ya tengo.

Sitaandika mkono ulivyokuwa. Kombo alijitupa majini, akamleta. Ashatu aliukata mwavuli wake kitambaa akamfunga, mtoto wake akiwa analia mapajani kwangu. Jina la mtu yule ni Bwanaheri. Hakulia. Alikuwa akiuliza tu, "Hamkuniona? Hamkuniona?"

Baba alikaa na usukani. Alikuwa akisema, "Nini? Kuna nini?" na hakuna aliyemjibu.

Ufukweni Saadani watu walikusanyika, na katibu wa kijiji akaja. Mke wa Bwanaheri, Dija, alikuja anakimbia, mikono ina unga. Watu walikuwa na hasira, lakini walimheshimu baba, wote wamewahi kupanda boti lake. Katibu akamuuliza nini kimetokea.

Na baba akasema: "Alitia nanga njiani kwangu katikati ya mvua. Hakuna tanga, hakuna alama. Ningefanya nini?"

Niliona watu wanaanza kutikisa kichwa, kweli, kweli. Niliona Bwanaheri amelazwa mchangani anataka kusema, na nguvu hana. Kombo anatazama miguu yake. Dija akaanza kumlaumu mumewe mwenyewe, "Nilikwambia usikae pale, nilikwambia."

Hapo ndipo nilipoona kwamba hata ndani ya nyumba ya yule mtu wataamini ni kosa lake, maisha yake yote.

Nikasema, "Mvua ilikuwa imekwisha. Nilimwona. Nilimwambia baba. Baba yangu haoni."

Katibu akasema, "Hakuona?"

"Haoni. Jicho moja limekufa na la pili limebaki tundu. Haoni mimi nimesimama wapi."

Niliyasema yote hayo kwa sauti, mbele ya watu ambao wanamwita nahodha. Baba aliinua uso wake akautafuta uso wangu, akautafuta upande ambao sikuwapo, na watu wote wakaona.

Kombo ndiye aliyeshika usukani kumpeleka Bwanaheri Bagamoyo hospitali. Baba alikaa kati ya abiria. Leo mchana wameukata mkono, wa kulia, juu ya kiwiko.

Jumatatu, 19 Aprili

Dadi amekuja mwenyewe, hakukaa. Amemwambia Miza mlangoni kwamba boti sasa ni la Kombo. Polisi wameandika maelezo, wanasema tungoje.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua. Baba hasemi nami. Nikiweka chakula anamuuliza Miza, "Nani kaleta?"

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua. Vivyo hivyo.

Jumatano, 28 Aprili

Nilidhani Miza atanichukia. Leo alinikuta uani nafua, akakaa kwenye kinu, bado amekonda kwa homa. Akasema, "Ningekuwa mzima nisingesema. Ningesimama pale ufukweni nimnyamazie. Na yule mwanamke wa watu angemlaumu mumewe." Kisha akachukua nguo upande wa pili, tukakamua pamoja.

Msabaha ameandika, naye ana hasira na mimi. Anasema mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani. Yeye alicheka pale sinema.

Jumatatu, 3 Mei. Dar es Salaam

Tumempeleka hospitali kubwa, Miza na mimi. Amekubali kwa kuwa hana tena cha kuficha. Daktari kijana, mpole, amemwangalia kwa kurunzi muda mrefu. Akasema mishipa ya nyuma ya jicho imekufa, na iliyokufa hairudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kidogo kilichobaki, labda mwaka, labda chini yake.

"Ningekuja mwaka jana?" baba akauliza.

Daktari alimtazama Miza kabla ya kujibu. "Tungeokoa zaidi, mzee."

Baba akasema ahsante. Njiani alijikwaa nikamshika, akautoa mkono wangu.

Jumapili, 9 Mei

Mvua usiku na mchana. Maji yameingia sebuleni, tumepandisha magodoro mezani. Baba kakaa kitandani miguu juu, anatusikiliza tunavyochota maji kwa sufuria. Mara moja akasema, "Anzeni mlangoni, sakafu imelalia huko." Alikuwa sawa.

Jumamosi, 15 Mei

Bwanaheri ametoka hospitali. Kombo amemrudisha kwao bure. Anasema alikaa botini akitazama bahari kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa.

Alhamisi, 20 Mei

Manyunyu tu. Kofia mbili.

Jumapili, 23 Mei

Leo jua limetoka, mara ya kwanza tangu sijui lini. Baada ya alasiri nilikuwa barazani nashona, Miza kaenda sokoni. Nikasikia baba anatoka, mkono ukutani. Akakaa kwenye baraza, mbali kidogo nami. Nikadhani hajui kama nipo.

"Mardhiya."

Ni neno la kwanza kuniambia mimi tangu Aprili. "Labeka, baba."

"Ile ya pili. Sikuiona. Miza alikaa mbali siku ile."

"Mimi ndiye niliyemkalisha mbali."

"Najua. Hebu niambie ilikuwaje."

Basi nikamwambia. Maua ya bandarini, watu wa serikali, fundi wa injini. Nilipofika kwa yule mama nikasita. Nilifikiri, nimruke? Mwanamume huyu amepata ya kutosha. Lakini nimeshamwonea huruma mara moja kabla ya safari ile, nikanunua kiberiti, na mtu akapoteza mkono. Nikamwambia kiatu. Nikamwambia, "Hapo ndipo ulipouliza kama umeme umekatika."

"Watu walicheka."

"Ndiyo."

"Kumbe kulikuwa na kiatu." Akapapasa goti lake. "Halafu?"

"Halafu wakili wake anasimama. Amepanga maneno mazuri. Hakuna ushahidi, fundi ni mlevi, atashinda. Na kapteni anamwambia kaa chini. Anasema, nilijua. Nilijua injini ni mbovu tangu bandarini."

"Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nani alimlazimisha?"

"Hakuna. Alikuwa ameshashinda."

Tukakaa hivyo mpaka Miza akarudi na kapu lake, akatukuta tumekaa baraza moja, akapita ndani bila kutuamkia ili asituvuruge.

"Na hukumu?" baba akauliza.

"Haionyeshwi. Inaishia hapo, anatazama watu."

"Hiyo ni filamu mbaya," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Ya kwanza ndiyo tuliyoipenda. Mama yako angeichukia hii." Akasimama, akautafuta ukuta. "Kombo anakwenda lini Saadani?"

Jumapili, 6 Juni. Saadani

Masika yamekwisha. Bahari ina kusi safi, kavu. Tumekuja na Kombo, baba, Mama Miza, ndivyo ninavyomwita sasa hata humu, na mimi. Ni mara ya kwanza baba kupanda lile boti kama abiria. Kombo alimwachia mahali pa tezi, naye akakataa, akakaa katikati na watu.

Nyumba ya Bwanaheri iko mwisho wa kijiji, karibu na vichanja vya kukaushia samaki. Alikuwa amekaa nje juu ya gogo, mkono uliobaki unajaribu kurekebisha wavu aliokuwa ameubana kwa vidole vya miguu. Hakusimama. Dija alitoka mlangoni, akatuona, akabaki palepale.

"Hodi," baba akasema. "Ni Sadallah. Nani yuko mbele yangu?"

"Bwanaheri."

Baba akasogea, Mama Miza akamwachia kiwiko. "Siku ile nilisema ulitia nanga njiani. Si kweli. Ulikuwa mahali pako. Binti yangu aliniambia kuna mtu, na mimi nikakaza usukani, kwa kuwa kukubali ni mtu ni kukubali sioni. Nilijua sioni tangu mwaka jana. Nimekwenda polisi Bagamoyo nimesema hivyohivyo, wameandika. Nimekuja nikuambie na wewe, na mke wako asikie."

Mimi sikujua habari ya polisi. Nilimtazama Mama Miza, naye alikuwa akitazama mchanga, na nikajua nani alimshika mkono kumpeleka.

Kuku walipita katikati yetu. Kisha Bwanaheri akasema, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza kweli, "Nimesikia, mzee. Sasa nyavu zangu zitavutwa na nani?"

"Mimi."

Dija akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Wewe? Huoni."

"Kamba haitaki macho," baba akasema. "Mikono ninayo miwili. Yeye anaona, mimi navuta. Mpaka polisi waniite, na wakiniachia nitarudi."

Bwanaheri alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani. Aliitazama mikono yake kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Naingia baharini alfajiri," akasema Bwanaheri. "Na napenda kunyamaza nikiwa kazini."

"Nami nimechoka kusema."

"Utalala wapi?"

Mama Miza akatua furushi lake chini. Nilidhani ni zawadi ya chumvi na sukari. Kumbe ni mkeka, shuka mbili na sufuria. "Popote penye paa," akasema. "Tuko wawili."

Dija alilitazama furushi, akamtazama mwenye furushi. Akaingia ndani. Tulisikia anasogeza vitu, anaburuta kitu kizito sakafuni, anakohoa kwa vumbi. Hakurudi kutukaribisha. Alirudi na ufagio, akampa Mama Miza, akamwonyesha kwa kidevu kile kibanda cha kuwekea nyavu.

Mimi narudi Bagamoyo na Kombo kesho. Nyumba itakuwa na mtu mmoja. Wakati naandika hivi baba amekaa mchangani, Bwanaheri amemtupia wavu mapajani, anamwambia pale penye tundu, hapana, chini yake, hapohapo. Na baba anaipitisha sindano.